Regyuleta Niliyoichagua Nikiwa Nimelala

Daktari aliponiambia nirudi nyumbani nikalale, nilidhani anataka nipumzike kidogo. Nikamwuliza nitarudi lini kazini. Akaweka kalamu mezani, akanitazama mie, kisha akamtazama mume wangu.

"Mama, sijasema upumzike. Nimesema ulale. Kuoga unashikwa mkono, chooni unashikwa mkono. Vinginevyo ni kitandani mpaka mtoto awe tayari kutoka."

Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu waliifunga kwa mshono kwenye mlango wa kizazi, na mshono, daktari alisema, hauna mkataba na mtu anayehangaika. Nilitoka hospitali nikiwa nimelazwa kiti cha nyuma cha teksi, naona vichwa vya nguzo za umeme tu vikipita dirishani mpaka nyumbani Tabata.

Sasa mie si mtu wa kulala. Nafundisha kemia sekondari, na kipindi kizima huwa natembea kati ya ubao na dawati la nyuma. Nyumbani nilikuwaga nafua huku sufuria iko jikoni, na madaftari ya kusahihisha yako juu ya friji. Ghafla nikawa na chumba kimoja, dari moja na feni inayogonga kila inapozunguka. Nilijigeuza kushoto, nikakatazwa kulala chali, nikajigeuza kulia. Nikazijua nyufa zote za ukuta. Nikasoma simu mpaka macho yakauma. Mume wangu alisema miguu yangu inatembea hata ikiwa chini ya shuka, na ni kweli, nilikuwa nachezesha vidole vya miguu kutwa kama mtu anayekanyaga cherehani.

Kitu kimoja hatukukifanya: hatukununua chochote cha mtoto. Si nepi, si kofia. Hatukuzungumza jina. Hakuna aliyesema tusifanye hivyo. Kila mmoja alijikuta tu anakwepa.

Mume wangu ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi yao ilihama jengo, na kule walikotoka palibaki tanki la samaki la kioo ambalo hakuna aliyelitaka. Akalileta kwa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, akaliweka juu ya meza ya chuma miguuni pa kitanda changu, akatia samaki wadogo wenye mikia kama pindo la mtandio. Akapanda na majani ya plastiki.

"Sasa una televisheni isiyokatika," akasema.

Samaki niliwapenda. Majani ya plastiki yalinikera. Chumba kizima kilikuwa kimesimama, na hata majani ndani ya maji yalikuwa yamesimama! Nikamtuma alete mimea ya kweli. Akaipata kwa mwuza samaki wa mapambo, mafungu kadhaa ya kijani kibichi, tukaipanda kwenye changarawe, yaani yeye alipanda na mie nilielekeza kwa kidole. Baada ya muda mfupi ikaanza kulegea na kuyeyuka kama mchicha uliosahaulika jikoni.

Sababu niliijua. Nimeifundisha mara nyingi: jani linajijenga kwa mwanga, maji na hewa ukaa, na ndani ya tanki hewa hiyo ni haba. Ningeweza kuipuuza. Lakini mtu aliyelala siku nzima akitazama kitu kinakufa mbele yake, hawezi kupuuza.

Nikaanza na njia ya maskini. Chupa ya soda, sukari, hamira na maji ya uvuguvugu. Hamira inakula sukari, inatoa gesi, na gesi inapita kwenye mpira wa dripu mpaka ndani ya tanki. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Njombe kunitunza, ndiye aliyekoroga, bila kuuliza maswali. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Asubuhi alinisalimu kwa salamu ya kwao, "kamwene", akapanga mito mgongoni kwangu kama mtu anayepanga matofali, akaenda zake jikoni.

Baadaye akasimama mlangoni, pua imemkunjamana.

"Mwanangu, chumba kinanuka ulanzi."

"Ni hamira tu, mama."

"Hamira mie naijua. Hiyo kwenye chupa imeshakuwa pombe."

Jumapili hiyo akina mama wa jumuiya wakaja kuniombea baada ya ibada. Walijaa chumbani, wengine wameketi ukingoni mwa kitanda, mmoja ameniwekea mkono kichwani, maombi yameshika moto. Katikati ya maombi kizibo kikafyatuka. Kilipiga dari, na povu la hamira likaruka kama bomba lililopasuka, likamlowesha kiongozi wa maombi kuanzia kilemba mpaka kwapani. Harufu ya pombe ikatanda. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akachukua kitambaa, akampangusa mgeni taratibu, akasema, "Ni dawa ya samaki." Nadhani ni uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Mie nilikuwa nimeliuma shuka kwa meno, maana kicheko kikubwa nacho nilikuwa nimekatazwa.

Chupa ikaishia jalalani. Nikamwambia mume wangu kwamba sasa tunataka mtungi wa hewa ukaa na regyuleta ya kuipunguza kasi.

Nilisoma sana juu ya regyuleta. Mtungi wa hewa ukaa una mgandamizo mkubwa wa kutisha, hasa kwenye joto letu hili, na tanki la samaki linataka povu moja, halafu jingine, kama matone ya bomba bovu. Kazi ya regyuleta ni kusimama katikati ya vitu hivyo viwili. Nikamtumia mume wangu maelezo marefu kwenye simu: iwe ya hatua mbili ili mtungi ukiishia gesi isipite ovyo, iwe na geji mbili, iwe na koki laini ya kupima povu, iwe na vali ya umeme ili umeme ukikatika gesi ijifunge yenyewe. Akajibu kwa picha ya kidole gumba.

Jioni akarudi na mtungi mdogo alioupata kwa watu wanaojaza mitungi ya kuzimia moto, na regyuleta ya wachomelea vyuma kutoka Chang'ombe. Ilikuwa na geji mbili, ndiyo. Vali ya umeme haikuwepo, wala hatua ya pili.

"Hii siyo," nikasema.

"Ticha, ina geji, inafunga, inafungua. Nimezunguka karakana zote na jua lile. Unataka nini tena?"

"Nilikuandikia ninachotaka."

"Umeniandikia risala." Akavua viatu, akaketi sakafuni, mgongo ukutani. "Mke wangu, hiki ni chombo cha samaki. Wewe unakichagua kama vile—"

Hakumalizia. Sote wawili tulikisikia alichotaka kusema: kama vile ni cha mtoto. Akainuka akaenda kuoga.

Tukaifunga hiyohiyo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nataka kitu kitembee chumbani humo, chochote. Na ilifanya kazi. Akaongeza koki ndogo kwenye mpira, akaikaza na kuilegeza huku namwongoza, mpaka mapovu yakatoka moja moja. Mchana wa siku iliyofuata majani yakatoa vipovu vyao wenyewe, vidogo kama mbegu za mchicha, vimeng'ang'ania kwenye kingo, kisha vinaachia na kupanda juu. Nilimwita mama mkwe aje aone. Akainama mbele ya kioo kwa muda.

"Yanapumua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo chupa ya chuma, ikipasuka?"

"Haipasuki."

"Na chupa ya soda nayo uliniambia haipasuki."

Mimea ikashika. Mizizi myeupe ikapenya changarawe. Nilikuwa na kitu cha kufuatilia asubuhi, nikaanza hata kusinzia mchana. Ndipo ikaja siku ile.

Asubuhi nilikuwa nimeona damu. Kidogo, doa tu, lakini niliiona. Daktari alisema kwenye simu nisiinuke kabisa hata kwa kushikwa, nisubiri mpaka jioni, ikiongezeka niletwe. Mume wangu alitaka kubaki, nikamwambia aende, palikuwa na mzigo wa watu bandarini unaomsubiri na kukaa kwake hakungeziba kitu. Mama mkwe akanilisha uji, akaniacha na beseni na simu, akaenda sokoni mara moja kununua samli na maboga.

Nilikuwa nimegeukia tanki. Mwanzoni nilidhani macho yangu yamechoka. Mapovu yalikuwa yanatoka mawili mawili. Halafu yakawa mkufu. Halafu hayakuwa mapovu tena, ulikuwa mkondo mweupe unaochemka kutoka chini mpaka juu, na maji yote yakawa kama soda iliyotikiswa.

Nilijua kinachotokea kabla sijaitazama geji. Mtungi ulikuwa unaishia. Regyuleta ya hatua moja, mgandamizo wa mtungi unapoporomoka, huwa inapoteza mkono wake, na gesi iliyobaki inapita ovyo. Nilikuwa nimelisoma hilo. Nilikuwa nimeliandika kwenye risala.

Samaki wakapanda juu. Walipanga midomo kwenye uso wa maji, wanameza hewa, mikia inaning'inia. Koki ya mtungi ilikuwa palepale chini ya meza, karibu kiasi kwamba siku nyingine yoyote ya maisha yangu ningeifikia kwa kujinyoosha na hatua chache.

Nikampigia mama mkwe. Simu yake ikaita jikoni. Nikaita jirani kwa sauti, lakini sauti yenyewe ilinibana tumboni, nikaogopa, nikanyamaza. Nikampigia mume wangu.

"Damu?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana. Samaki. Gesi imefunguka yote, wanakufa. Mama yuko sokoni."

"Dirisha liko wazi?"

"Liko wazi. Na mlango."

"Wewe unapumua vizuri?"

"Napumua. Koki naiona. Iko hapa tu. Nikishuka taratibu—"

"Usiamke."

"Ni hatua chache tu."

"Nakuomba. Usiamke. Waache wafe." Nyuma yake nilisikia mashine za kupakulia na watu wakipiga kelele. "Waache wafe, mke wangu. Mie nipo hapa. Sikati simu."

Nilikuwa nimeshautoa mguu mmoja nje ya shuka. Unyayo uligusa sakafu, sakafu ilikuwa ya baridi. Nikaurudisha. Sijui niliurudishaje. Nikashika ubao wa kitanda kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, nikalala na kutazama. Wa kwanza alianguka kwa ubavu. Akafuata mwingine. Mume wangu nilimsikia tu akipumua, na mara moja alimwambia mtu kwa ukali, "Subiri!" Samaki walizama polepole, wakatua juu ya majani mazuri ya kijani yaliyokuwa yamejaa vipovu. Majani hayakuwahi kupendeza kama siku ile.

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyonikuta, nalia bila kutikisika. Alitupa kikapu, akafunga koki kwanza, ingawa hakuna aliyekuwa amemfundisha, halafu akanifunua shuka akatazama. Palikuwa pakavu. Akanifunika.

Akachota maji ya tanki kwa ndoo, akamwaga nje, akatia mengine kutoka kwenye pipa, akayamimina kutoka juu yachanganyike na hewa. Ndoo baada ya ndoo, khanga imemlowa. Wachache walionusurika wakaanza kuogelea. Waliokufa akawakusanya kwa kichujio cha chai.

Mie nilisema tanki liondolewe. Mume wangu alipofika jioni, amekimbia mpaka shati limegandamana na mgongo, naye alisema liondolewe. Aliishika ile regyuleta ya wachomelea kama anataka kuivunja kwa mikono.

"Haliondoki," mama mkwe akasema. "Likiondoka huyu atatazama nini? Ataanza kuitazama damu." Akamgeukia mwanawe. "Nenda katafute chuma cha kweli, kile alichokuambia. Na mtungi utakaa nje, barazani. Humu ndani usirudi."

Damu haikuongezeka. Jumamosi mume wangu akaenda Mtoni, kwenye duka la mzee mmoja wa Kiarabu anayeuza mashine za aiskrimu na za soda, pamoja na vipuri vyake. Familia yao ina duka hapo tangu zamani. Nilikuwa nimejilaza kwa ubavu, simu ya video imeegemezwa kwenye mto, namwona mzee kwenye kioo chake: kofia ya kitambaa, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Mbona umelala, unaumwa?"

"Nimeambiwa nilale mpaka nijifungue."

"Subhanallah. Na hewa hii unaitaka ya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akaweka regyuleta mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, geji zina rangi, na vali ya umeme imeshafungwa. Nyingine ilikuwa ya shaba, nzito, imechakaa, na ilitoka kwenye mashine ya soda iliyovunjwa. Haikuwa na vali ya umeme.

"Chukua mpya," mzee akasema. "Hiyo nyingine iko hapa hata vumbi limeizoea."

Mume wangu naye aliinyooshea mkono ile mpya. Ilikuwa na karibu kila kitu nilichokuwa nimekiandika.

"Ngoja," nikasema. "Mzee, naomba uigeuze ya zamani. Nionyeshe ubavuni."

Akaigeuza. Ilikuwa na vitumbo viwili, kimoja nyuma ya kingine. Hatua mbili. Ya kwanza inaivunja nguvu ya mtungi, ya pili inapokea kilichokwisha kupoa na kukitoa sawasawa, hata mtungi ukiwa unakata roho. Ile mpya ilikuwa na kitumbo kimoja tu. Umeme ukikatika ingejifunga vizuri. Mtungi ukiishia ingefanya vilevile kama ile ya Chang'ombe.

Nikapiga hesabu, wakasubiri. Umeme kwetu hukatika mara nyingi kuliko mtungi unavyoisha. Kwa hesabu ya kawaida ile mpya ndiyo ilikuwa na akili. Lakini hesabu ya kawaida haikuwa imelala kitandani kwangu siku ile.

"Nataka ya shaba," nikasema. "Na uniuzie vali ya umeme peke yake, tuiunge."

"Nati haziingiliani, binti yangu."

"Tutakereza kiungo. Kwanza naomba uifunge kwenye mtungi, upake maji ya sabuni kila maungio, unisogezee simu."

Mzee akashusha miwani, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe fundi?"

"Mwalimu wa kemia."

"Haya mwalimu, tukague." Akaifunga, akafungua mtungi, akapaka povu kwa brashi ya kunyolea ndevu, akasogeza simu karibu mpaka kioo changu chote kikajaa shaba na sabuni. Hapakuwa na kipovu hata kimoja kilichovimba. Akaufunga mtungi, tukaitazama sindano ya geji sote watatu. Haikushuka.

"Bwana," mzee akamwambia mume wangu, "nyumba yako ina mwenyewe."

Mume wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipotoka hospitali.

Siku hiyohiyo akapita Chang'ombe kwa fundi wa kukereza vyuma, akasubiri mpaka kiungo kikatoka. Kesho yake akajenga kizimba cha mbao barazani, kwenye kivuli, akausimamisha mtungi humo na kuufunga kwa mnyororo, akapitisha mpira kwenye pembe ya dirisha. Mama mkwe akakagua, akautikisa mnyororo, akaenda zake. Povu likatoka moja moja, na umeme ulipokatika tulisikia vali ikigonga "ta" nje ya dirisha na mkondo ukasimama. Mtungi ulipoisha, baadaye, mapovu yalipungua tu mpaka yakakoma, na samaki wakaendelea na shughuli zao.

Sikutulia hata hivyo. Nisije nikadanganya. Kila nilipofumba macho mchana niliyafumbua tena kuhakikisha povu ni moja. Kila tumbo lilipokaza nilishika ubao wa kitanda. Mume wangu alizoea kunipigia kutoka bandarini bila la kusema; tulikuwa tunashika simu tu, yeye na mashine zake, mie na feni yangu. Siku waliyonitoa mshono, daktari akasema sasa naweza kutembea, na niliposimama magoti yakakataa. Mama mkwe akanishika kiunoni, tukatembea mpaka getini. Barabara ilikuwa na kelele, watu wengi, jua kali. Nilitaka kuendelea mpaka kwenye kona, na zaidi. Akanivuta kurudi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Siku zilipopita bila jina, bibi yake ndiye aliyetuuliza, kwa ukali kidogo, tunangoja nini.

Tanki sasa liko sebuleni, na mimea imejaa mpaka inapunguzwa kwa mkasi. Binti amejifunza kutambaa, na kitu cha kwanza alichokifuata ni ule mpira unaoingia kutoka dirishani. Anaukamata, anauvuta, anautia mdomoni, anatutazama. Juzi baba yake alipigilia ubao mbele ya mpira huo. Binti ameshagundua kwamba ubao unazungukwa kwa upande wa kushoto.